Uvimbe kwenye figo: ungoje, utoe, au ukimbie? Tulinganishe jeni kwa jeni

Mtu akishapewa karatasi ya ultrasaundi imeandikwa kuna uvimbe kwenye figo, swali la kwanza huwa ni una sentimita ngapi, na nawaelewa kabisa maana ile namba ndo kitu pekee kwenye karatasi ambacho kila mtu anaweza kukisoma. Mi niko hapa Tanga, kazi yangu kila siku ni kupiga hizo ultrasaundi, na ninachotaka kusema ni kwamba sentimita peke yake haikuambii uchague nini. Kuna uvimbe wa sentimita 2 ambao unaachwa unafuatiliwa miaka na miaka mtu anakula maisha yake, na kuna mwingine wa sentimita 2 hizo hizo ambao kila wiki unayoongeza ni hatari, na tofauti yao kubwa iko kwenye jeni iliyoharibika mle ndani. Kwahiyo nawalinganishia hapa zile zinazotajwa zaidi ili ukikaa mbele ya dokta ujue unaulizwa nini na wewe uulize nini.

Kwanza tuelewane kuhusu hizi jeni zenyewe. Ni jeni zinazozuia seli isizaane ovyo, na kila mtu anazo mbili mbili, moja kwa mama moja kwa baba. Chukulia baiskeli, na baiskeli Tanga tunazijua, ina breki ya mbele na ya nyuma, ikikatika moja bado unasimama, zikikatika zote mbili mteremko unakuchukua. Mmarekani Alfred Knudson aliliona hili mwaka 1971 akifuatilia saratani ya jicho ya watoto, akasema lazima ziharibike nakala zote mbili. Mtu wa kawaida zote mbili zinaharibikia humo humo ndani ya seli moja ya figo, kwa bahati mbaya tu, mara nyingi ukubwani, uvimbe unakuwa mmoja. Lakini yupo anayezaliwa moja tayari mbovu mwili mzima, huyo anahitaji pigo moja tu, ndo maana anapata mapema, anapata figo zote mbili, anapata uvimbe zaidi ya mmoja. Inakadiriwa asilimia 5 hadi 8 ya saratani za figo ni za kurithi namna hii. Ukiona mtu ana saratani ya figo na hajafika miaka 46, wataalamu wanashauri aulizwe habari za ukoo na afikiriwe kupimwa jeni.

VHL na TSC, hizi ndo watu wanazichanganya

Naanza na hizi mbili kwa sababu zote zinaweza kuleta uvimbe wenye mishipa mingi ya damu, zote zinaweza kushika figo zote mbili, alafu moja ni saratani na nyingine kwa kawaida siyo.

VHL (kifupi cha von Hippel-Lindau) iko kwenye kromosomu ya 3, iligundulika 1993. Protini yake kazi yake ni kuipeleka protini nyingine inayoitwa HIF ikaharibiwe pale hewa ya oksijeni inapokuwa ya kutosha. VHL ikifa, HIF inabaki inazunguka, seli inadhani haina hewa hata kama damu imejaa oksijeni, basi inaanza kuita mishipa mipya ya damu usiku na mchana. Hiyo ndo saratani ya seli angavu, aina inayochukua takriban robo tatu ya saratani zote za figo za watu wazima, na nyingi katika hizo VHL imeharibika ndani ya uvimbe tu, hakuna alichorithi mtu, kwahiyo ukiambiwa una saratani ya seli angavu usikimbilie kuwaza watoto wako. Ugonjwa wenyewe wa kurithi wa VHL ni adimu, kama mtu 1 kati ya 36,000, na huo hauji na figo peke yake, unakuja na macho, ubongo na uti wa mgongo, vifuko vya maji kwenye kongosho, na uvimbe kwenye ile tezi iliyokaa juu ya figo unaorusha presha. Hilo la presha lishikeni. Mtu wa VHL akipelekwa chumba cha upasuaji kabla hiyo tezi haijachunguzwa, presha inaweza kupaa mezani ikawa balaa.

TSC (kifupi cha tuberous sclerosis complex, jina la ugonjwa wake) ni jeni mbili, TSC1 kromosomu ya 9 na TSC2 kromosomu ya 16, TSC2 kwa kawaida ndo inaleta ugonjwa mkali zaidi. Zinashika hatamu ya njia inayoitwa mTOR, njia ya kukuza seli. Zikifa unapata anjiomaiolipoma, uvimbe wa mafuta, misuli na mishipa ya damu vikiwa vimechanganyika. Sio saratani, isipokuwa aina moja adimu yenye seli za epitheliamu ambayo inaweza kugeuka, hiyo mpatholojia, yule anayeangalia kinyama kwa darubini, ndo anaitambua. Wengi wenye anjiomaiolipoma hawana ugonjwa wa kurithi, ni uvimbe mmoja tu, mara nyingi mwanamke wa makamo, imeonekana kwa bahati akipimwa kitu kingine. Kwenye skrini yangu inatokea nyeupe pee, inang'aa kuliko figo yenyewe inayoizunguka, na mipaka yake imekaa vizuri. Ukiiona mara ya kwanza unatamani kumwambia mgonjwa usiwe na wasiwasi mama hii ni mafuta. Lakini mi siwezi kumwambia hivyo kwa ultrasaundi peke yake na wala asikubali kuambiwa hivyo na yeyote, maana baadhi ya saratani ndogo za figo nazo zinang'aa vile vile. Siti skani ndo inapima mafuta kwa namba, yakionekana mafuta ndani ya uvimbe basi karibu umemaliza ubishi.

Sasa uchague nini. Kwa VHL ya kurithi, kanuni iliyozoeleka ni sentimita 3: chini ya hapo unafuatilia kwa picha, uvimbe mkubwa kuliko wenzake ukifika 3 unatolewa, na unatolewa uvimbe tu figo ibaki, maana huyu mtu ataota tena na tena, ukimtoa figo leo na nyingine miaka mitano ijayo unamtengenezea maisha ya kusafishwa damu. Kuna dawa pia, belzutifani, inaziba HIF yenyewe, Marekani waliipitisha Agosti 2021 kwa wagonjwa wa VHL. Waliofumbua hiyo njia ya oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel 2019, na mi nafurahi sana nikiona utafiti wa jinsi seli inavyohisi hewa umeishia kuwa kidonge cha mtu kumeza.

Kwa TSC hatari sio kusambaa, hatari ni kupasuka na kuvuja damu, na hatari hiyo inapanda uvimbe ukipita sentimita 4 au mshipa wa ndani ukiwa umevimba kufikia milimita 5. Mimba nayo inaongeza hatari, kwahiyo dada mwenye huu uvimbe anayepanga mtoto aongee na dokta kabla, asingoje kliniki ya miezi sita. Ukivuja, kinachotafutwa kwanza ni kuziba mshipa kwa kupitisha waya mwembamba kutoka kwenye paja, radiolojia tiba hiyo, hospitali ya Muhimbili kule Dar wanayo, sio kukimbilia kutoa figo nzima. Na kama ni TSC ya kurithi na uvimbe unakua bila kuvuja kuna everolimasi, inazuia mTOR, ilipitishwa Marekani 2012, inausinyaza uvimbe lakini ukiacha dawa unarudi kukua. Mi mtazamo wangu, figo ya mtu wa TSC kutolewa yote wakati uvimbe hauvuji na siti skani imeonyesha mafuta ni kitu cha kuuliza mara mbili, tena kwa sauti, muulize daktari kuna njia gani ya kubakisha figo.

Dalili za TSC ziko usoni na mwilini, na hapa ndo naumia. Mabaka meupe ya umbo la jani ambayo mtoto amezaliwa nayo, vipele vyekundu au vya rangi ya ngozi puani na mashavuni ambavyo watu wanadhani ni chunusi, na degedege au kifafa tangu mdogo. Inatokea kwa mtoto 1 kati ya kama 6,000, na takriban theluthi mbili hawana mzazi mwenye ugonjwa, imeanza kwao. Mtoto wa namna hii anazungushwa huku na huku kwa ajili ya degedege na hakuna aliyewahi kumpima figo, wakati ultrasaundi ya tumbo inachukua dakika chache na hata maumivu hamna, jeli ya baridi tu.

FLCN na FH: zote vipele, hukumu tofauti kabisa

Hapa ndo nataka mtu asome taratibu. Jeni zote mbili zilihusishwa na magonjwa haya mwaka 2002, zote zinatoa vipele kwenye ngozi, na zote mtu anaweza akavipuuza miaka.

FLCN, kromosomu ya 17, ugonjwa wa Birt-Hogg-Dubé. Vipele vidogo vyeupe laini usoni, shingoni, kifuani juu, haviumi. Mapafu yana vifuko vya hewa na mtu anaweza kupata pafu kujaa hewa nje yake ghafla, kifua kinabana, ukiuliza vizuri unakuta na baba yake au kaka yake iliwahi kumtokea. Uvimbe wa figo unaoota hapa mwingi ni wa mwendo wa pole, ama kromofobu, ambayo ni saratani, ama mchanganyiko wa kromofobu na onkositoma. Onkositoma yenyewe haina saratani, ina kovu katikati kwenye siti skani mara nyingine, shida ni kwamba kwa picha na hata kwa kinyama kidogo kilichochomwa na sindano kuitofautisha na kromofobu ni kazi hata kwa mpatholojia mzoefu. Uzuri ni kwamba kwa FLCN unaweza kutumia ile ile sentimita 3, unafuatilia, hufi kwa kusubiri kwa mpangilio.

FH sasa, kromosomu ya 1. Hii ni jeni ya kimeng'enya cha kuzalisha nishati, ikifa fumareti inajaa ndani ya seli, inavuruga mambo mengi ikiwemo ile HIF niliyoitaja juu. Vipele vyake ni vigumu kidogo, vinauma ukivigusa au ukipigwa na baridi, vinaweza kukaa mkusanyiko mkononi au mgongoni. Wanawake wanapata faiboridi mapema, miaka ya ishirini na thelathini mwanzoni, nyingi, kubwa, za kufanyiwa upasuaji. Na saratani ya figo ya FH haingoji mtu. Inasambaa ikiwa ndogo, kwahiyo kanuni ya sentimita 3 hapa HAIPO, uvimbe ukionekana unatolewa haraka na unatolewa na nyama nzima ya pembeni yake, sio kuumenya. Wenye jeni hii wanashauriwa MRI ya figo kila mwaka, hata watoto kuanzia miaka 8 hadi 10.

Lakini jamani faiboridi kwa wanawake wetu ni kitu cha kawaida mno, nusu ya akina mama ninaowapima kizazi naziona, kwahiyo mtu asisome hapa akalala macho wazi. Faiboridi peke yake sio FH. Ni ule mkusanyiko: faiboridi za umri mdogo, vipele vinavyouma, na ndugu wa damu aliyekufa na saratani ya figo akiwa kijana. Dada mmoja nilimuuliza tu kwa kupita, "dada huu mkono hivi vipele vinauma?" akaniambia "usiku wa baridi vinanichoma kama pilipili", na mama yake mdogo alikuwa amefariki na figo. Nikamuandikia kwenye ripoti kwa herufi kubwa aangaliwe na mtaalamu. Huwezi kuyaona hayo kwenye skrini, lazima uulize.

SMARCB1, hii inatuhusu sisi watu wa pwani

Kati ya zote hii ndo inayonikosesha raha. SMARCB1 iko kwenye kromosomu ya 22, na ikipotea kwenye figo ya mtu mzima kijana inaleta saratani ya medula ya figo, iliyoelezwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1995, na karibu wote wanaoipata wanabeba sikoseli. Sio wagonjwa wa selimundu wenyewe hasa, ni wabebaji, wale AS ambao hawaumwi chochote na wengi hawajui kama ni AS. Vijana, wanaume zaidi ya wanawake, figo ya kulia zaidi ya kushoto. Na ukanda wetu wa pwani wabebaji ni wengi.

Nasema haraka kabla hujashtuka: ni saratani adimu sana, wabebaji walio wengi kabisa hawataipata maisha yao yote. Ninachokililia ni njia inavyochelewa. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mkojo wenye damu na maumivu ya ubavuni. Sasa kijana wa Muheza au Pangani akikojoa damu tunasema nini? Kichocho. Na kweli mara nyingi ni kichocho, anapewa prazikwanteli, anapona. Mbebaji wa AS naye anaweza kukojoa damu bila saratani yoyote, ncha za figo tu zimekosa damu ya kutosha. Kwahiyo kuna mambo matatu yanafanana mlangoni na moja kati yao ni hatari sana. Linganisha hivi: kichocho mkojo ukipimwa mayai yanaonekana na damu inakata baada ya dawa, ya AS inakuja na kuondoka na picha ya figo haina uvimbe, ile ya saratani damu inarudi rudi, mtu anapungua, ubavu unauma, na picha ina kitu katikati ya figo. Kijana amekunywa prazikwanteli na damu inaendelea, usimpe dozi ya tatu ya kubahatisha, leta apigwe ultrasaundi na apimwe sikoseli, vipimo hivyo viwili tunavifanya hapa hapa mjini.

Ikithibitishwa, hakuna cha kufuatilia wala sentimita. Mara nyingi inakutwa imeshasambaa, na zile dawa za kuzuia mishipa mipya ya damu isiote zinazosaidia saratani ya VHL hapa hazifanyi kazi ya maana, kinachoanza ni kemo yenye platinamu. Ndo maana jina la aina lina uzito, mtu akiandikiwa tu saratani ya figo bila aina anaweza kuwekwa kwenye dawa ambazo sizo. Mpatholojia anaithibitisha kwa kupaka rangi maalum ya INI1, yaani ya protini ya SMARCB1, kwenye kinyama, seli za saratani zinabaki bila rangi maana protini haipo. SMARCB1 hiyo hiyo ikipotea kwa mtoto mchanga inaleta uvimbe mwingine mkali wa rabdoidi, hilo nalipita.

Watoto: WT1

Uvimbe wa Wilms ndo uvimbe wa figo unaowapata watoto zaidi, wengi chini ya miaka mitano. WT1 kromosomu ya 11 ilitambuliwa 1990 lakini inahusika kwa sehemu ndogo tu ya watoto hawa. Anayezaliwa bila ile duara ya rangi ya jicho yuko kwenye hatari zaidi, apigwe ultrasaundi ya figo kila miezi mitatu mpaka afike miaka saba nane. Mama ndo anagundua, anamuogesha mtoto anakuta tumbo upande mmoja gumu. Tafadhali sana asikandwe, wala asibinywe kila shangazi akija kuona, uvimbe ukipasuka tumboni hatua ya ugonjwa inapanda. Huku uchaguzi ni rahisi kuliko kote: nchi zenye uwezo watoto takriban 9 kati ya 10 wanapona, njia inayotumika sana ni kemo kwanza uvimbe usinyae alafu upasuaji. Muhimbili kuna wodi ya watoto wenye saratani inayoshirikiana na shirika la Tumaini la Maisha kuwatibu bila malipo, kwahiyo hela isikuweke nyumbani.

Sasa hela kidogo, uanze na kipimo kipi

Kipimo cha jeni kwa damu wengi wanakitaja kwanza maana kinasikika cha kisasa, lakini mara nyingi sampuli inasafirishwa nje na ni ghali. Mi ningeanza na siti skani yenye dawa ya mshipa, inakupa mafuta, kovu, idadi ya uvimbe na figo ya pili. Cha pili ni maswali ambayo hayalipiwi: ngozi, degedege, pafu, faiboridi, macho, ukoo, sikoseli. Cha tatu ni rangi maalum kwenye kinyama, ya FH na ya INI1, hii inakupa jibu karibu sawa na la jeni kwa uvimbe ule, na inafanyika kwenye kile kipande cha nta chenye kinyama chako ambacho maabara wanakitunza. Baiopsi ya sindano sio ya kila mtu, ikiwa siti skani imeshaonyesha mafuta huna haja nayo, na kwa mtoto mwenye dalili za Wilms usiitake mwenyewe, waachie wa saratani za watoto waamue. Kipimo cha damu cha jeni nakiweka mwisho, kwa yule ambaye majibu ya juu yameelekea kwenye kurithi, maana hapo kinaamua pia kaka zake, dada zake na watoto wake wafuatiliwe au waachwe na amani yao. Asiyebeba jeni ya ukoo hahitaji MRI hata moja.

Bombo, hospitali yetu ya mkoa, wanakuandikia rufaa, na kutoka Tanga umbali wa Dar na wa Moshi unakaribiana, kwahiyo chagua kwa tatizo. Upasuaji wa kubakisha figo, hospitali ya KCMC ya Moshi wana historia ndefu ya mambo ya mkojo na figo, kuziba mshipa, mtoto wa Wilms, au kemo ya haraka nenda Dar, Muhimbili na Ocean Road, ile hospitali ya saratani. Popote utakapoenda omba CD ya siti skani, sio karatasi ya ripoti peke yake, na kama kinyama kilishatolewa uliza namba ya kile kipande cha nta na uiandike nyuma ya kadi yako, maana bila hiyo namba kule wanaweza kuanza upya kukuchoma sindano.